Chumvi, sukari na maji: mmumunyo uliochelewa kuaminiwa

Ukitia kijiko cha sukari katika bilauri ya maji na kukoroga, baada ya muda mfupi huioni tena. Utamu umo, lakini chembe hazimo. Ukitia chumvi mambo ni yale yale: maji hubaki maangavu kama yalivyokuwa, na ulimi peke yake ndio unaotoa ushahidi kwamba kuna kilichoongezwa. Jambo hili hutendeka kila siku katika kila jiko duniani, na pengine ndiyo sababu ni wachache wanaokaa kulitafakari. Makala yetu ya leo inafuatilia namna jambo hilo la jikoni lilivyogeuka kuwa tiba ya kipindupindu. Inauliza pia kwa nini ilichukua miaka 136 tangu daktari mmoja wa Scotland alipotia maji ya chumvi katika mshipa wa mgonjwa, mwaka 1832, mpaka madaktari wawili vijana walipothibitisha mjini Dhaka, mwaka 1968, kwamba mgonjwa kama huyo anaweza kuinywa sehemu kubwa ya tiba yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili cha kila siku hutumia kitenzi kuyeyuka kwa mambo mawili. Siagi huyeyuka juani, na sukari huyeyuka katika chai. Wataalamu wa kemia huyatenganisha mambo hayo. Siagi hugeuka kimiminika kwa sababu ya joto, bila kuhitaji kitu kingine chochote. Sukari ndani ya chai haigeuki kimiminika chake yenyewe, bali hutawanyika katikati ya maji, molekuli moja moja, hata ikawa hakuna tone lisilokuwa nayo. Waandishi wa vitabu vya sayansi walipotafuta neno la hali hii ya pili waliliendea la kumumunya, yaani kuiweka peremende kinywani bila kuitafuna mpaka ikaisha yenyewe. Hapo ndipo tulipopata mmumunyo. Kwa maoni yangu ni chaguo la busara sana, kwani mtoto yeyote mwenye peremende mdomoni anaijua tayari nusu ya somo.

Nusu ya pili ya somo ilikuja kwa njia ya maradhi. Kipindupindu kilitoka katika delta ya mto Ganges na kuanza kuenea duniani tangu mwaka 1817, kikifuata majeshi, mahujaji na vyombo vya biashara. Pwani ya Afrika Mashariki haikusalimika. Daktari James Christie, tabibu Mskochi aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu katika eneo hili, akifuatilia njia za majahazi na misafara iliyoubeba ugonjwa huo. Mlipuko wa mwaka 1869 na 1870 aliushuhudia mwenyewe, na maelfu ya watu walipoteza maisha kisiwani Unguja.

Leo tunajua kinachotokea. Bakteria wa kipindupindu hawaiharibu sana ngozi ya ndani ya utumbo. Wanatoa sumu inayoilazimisha kumwaga maji na chumvi bila kukoma. Mtu mzima aliyepatwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, kinyesi chake kikifanana na maji yaliyooshewa mchele. Macho huzama, sauti hupotea, ngozi ya vidole hukunjamana kama ya aliyekaa mno majini, damu huwa nzito, na moyo hukosa cha kusukuma. Asipotibiwa, mgonjwa wa namna hiyo ana nafasi kama nusu kwa nusu ya kufa, na wengine hufa siku ile ile waliyougua. Kwa maneno mengine, mgonjwa anauawa na ukame wa mwili wake, wala si na bakteria wenyewe.

Hayo yaligunduliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa mwaka 1831 ugonjwa ulipofika Sunderland, kaskazini mwa Uingereza, daktari kijana kutoka Ireland, William Brooke O'Shaughnessy, aliyekuwa na umri wa miaka 22 tu, alikwenda huko akaipima damu ya wagonjwa. Aliliarifu jarida la kitabibu la Lancet kwamba damu hiyo ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya maji yake na ya chumvi zake. Akashauri kwamba kilichopotea kirudishwe. Bila shaka hili lilikuwa wazo la kawaida kabisa, lakini lilitolewa wakati ambapo matabibu wengi walikuwa wakiwatoa wagonjwa wa kipindupindu damu zaidi, au kuwapa dawa za kuharisha, eti kuufukuza ugonjwa.

Aliyelitenda wazo hilo ni Thomas Latta, daktari wa Leith, bandari ya Edinburgh. Mwezi Mei mwaka 1832 alifunga mrija wa fedha katika mshipa wa bibi mmoja mzee ambaye tiba nyingine zote zilikuwa zimeshindwa kumsaidia, akamtilia polepole maji ya uvuguvugu yaliyomumunywa chumvi ya kawaida na kiasi kidogo cha magadi. Katika muda wa nusu saa bibi yule alifumbua macho, mapigo yake yakarudi, akasema hana shida tena. Latta, akiwa amechoka, alimwacha mikononi mwa daktari wa zamu. Kuhara kukarudi. Hakuna aliyemtilia maji mara ya pili, na baada ya saa chache bibi akafariki.

Nimelitaja tukio hili kwa urefu kwa sababu kosa lililomo lingerudiwa mara nyingi baadaye. Mmumunyo ulifanya kazi, lakini ulikuwa mchache. Mgonjwa wa kipindupindu ni kama mtungi uliotoboka, haufai kujazwa mara moja ukaachwa. Latta mwenyewe alifariki mwaka 1833, mlipuko ukapita, na mbinu yake ikasahauliwa kwa miongo kadhaa. Ni kweli kwamba haikuwa salama. Bakteria walikuwa hawajajulikana kuwa chanzo cha maambukizi, maji hayakuchemshwa kuua vijidudu, na hakuna aliyejua kwa hakika ni chumvi kiasi gani damu inaweza kuistahimili. Mwanzoni mwa karne ya 20, Leonard Rogers alipoyarudisha matibabu ya mshipa mjini Calcutta, alipunguza vifo kwa karibu nusu. Nusu iliyobaki iliendelea kufa.

Ili kujua kiasi, ilibidi kwanza kujua chumvi inakuwa nini inapopotea majini. Swali hilo lilipata jibu Sweden. Mwaka 1884 mwanafunzi mwenye umri wa miaka 25, Svante Arrhenius, aliwasilisha tasnifu katika Chuo Kikuu cha Uppsala kuhusu namna mimumunyo inavyopitisha umeme. Chumvi kavu haipitishi umeme. Maji safi nayo karibu hayapitishi. Lakini ukiviunganisha, umeme unapita. Maji ya sukari, kwa upande mwingine, hayaupitishi hata yakikolea kiasi gani. Arrhenius alifikia hitimisho ambalo alilieleza kikamilifu mwaka 1887: chumvi inapomumunyika hugawanyika katika vipande vyenye chaji, yaani ioni za sodiamu zenye chaji chanya na ioni za kloridi zenye chaji hasi, nazo hutembea majini kila moja kivyake. Sukari haigawanyiki. Molekuli zake huachana tu, kila moja ikiwa nzima.

Walimu wake hawakupendezwa, na tasnifu ile ilipewa alama ya chini. Kwao lilikuwa jambo lisilowezekana kwamba sodiamu, madini ambayo yakiguswa na maji hulipuka, iwe inaelea kwa amani ndani ya kikombe. Hawakuona kwamba sodiamu iliyopoteza chembe yake moja ya umeme ni kitu kingine kabisa. Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, na Mholanzi Jacobus van 't Hoff walimuunga mkono, na mwaka 1903 Arrhenius alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa nadharia ile ile. Van 't Hoff alikuwa ameshaipata mwaka 1901, akiwa mtu wa kwanza kabisa kutunukiwa tuzo hiyo.

Maji yana uwezo huu kutokana na umbo la molekuli yake. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni una chaji chanya kidogo. Fuwele ya chumvi ikitumbukia, molekuli za maji huzizunguka ioni za ukingoni, zikielekeza oksijeni kwa sodiamu na haidrojeni kwa kloridi, na kuzivuta moja baada ya nyingine. Mafuta ya nazi hayana pande kama hizo. Ndiyo maana chumvi haimumunyiki ndani ya mafuta, ikatua chini ya kikaango kama mchanga. Uwezo wa maji nao una kikomo. Katika joto la kawaida gramu 100 za maji hupokea kama gramu 36 za chumvi na kama gramu 200 za sukari, kisha kinachozidi hubaki chini. Wenye mashamba ya chumvi wa pwani yetu wanakijua kikomo hicho kwa macho: jua linapopunguza maji kwenye mabwawa, hufika siku fuwele zikaanza kuonekana zenyewe.

Kazi ya van 't Hoff ilihusu upande mwingine wa jambo hili, ambao kwa mgonjwa wetu ni wa uhai na kifo. Kila palipo na utando unaopitisha maji lakini unaozuia vilivyomumunyika, maji huelekea upande wenye vitu vingi zaidi. Mpishi wa kachumbari anapokinyunyizia kitunguu chumvi na kukiacha kidogo, kitunguu hutoa maji. Yametolewa na chumvi iliyo nje. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na baharia aliyepotea akiyanywa kwa kiu hukauka upesi zaidi, kwa kuwa anapoteza maji mengi zaidi kuiondoa chumvi ile. Kwa hiyo mmumunyo wa kumpa mgonjwa hauna budi kuwa na kipimo. Ukikolea mno, utumbo hutoa maji badala ya kuyapokea.

Basi kwa nini mgonjwa wa kipindupindu asinywe tu maji yenye chumvi kidogo? Walijaribu. Yalipita na kutoka. Utumbo uliotiwa sumu ulionekana kama mrija ulio wazi, na madaktari wengi wakaamini kwamba hauwezi kufyonza kitu chochote mpaka upumzishwe. Mwaka 1953 daktari wa Calcutta, Hemendra Nath Chatterjee, aliandika katika Lancet kwamba aliwatibu wagonjwa 186 kwa kuwanywesha maji yenye chumvi na glukosi, ile sukari rahisi ambayo damu huitumia. Hakuwa na kundi la kulinganishia wala vipimo vya kueleza ni kwa nini tiba hiyo ilifaa, na wakubwa wa fani hawakumfuata. Ukisoma habari hizi leo unaona uchungu wake: jibu lilikuwa mezani miaka 15 kabla ya kukubaliwa.

Maelezo yaliyokosekana yalitoka mahali pasipohusiana na kipindupindu hata kidogo. Mwezi Agosti mwaka 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo mdogo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi huupitia pamoja, kila moja ikihitaji kuwa na mwenzake. Zinapoingia, maji huzifuata. Baadaye ikabainika kwamba sumu ya kipindupindu hufungua milango ya kutokea, lakini mlango huu wa kuingilia haiugusi. Kwa hiyo sukari iliyomo katika mmumunyo haikuwekwa kwa ajili ya kumpa mgonjwa nguvu wala kuondoa ladha ya chumvi, kama wengi wanavyodhani mpaka leo. Ni tikiti ya chumvi. Bila sukari, chumvi haipokelewi vya kutosha, na bila chumvi maji hupita njia.

Daktari Robert Phillips wa jeshi la wanamaji la Marekani alikaribia sana kuufikisha ugunduzi huu kwa wagonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Manila, aliona kwamba glukosi inawasaidia wagonjwa wa kipindupindu kufyonza chumvi wanazokunywa. Lakini jaribio lililofuata, lililotumia mmumunyo mkali na bila kupima vya kutosha kilichoingia na kilichotoka, liliisha kwa vifo. Phillips alishtuka. Alipokuja kuiongoza maabara ya utafiti wa kipindupindu mjini Dhaka, iliyokuwa bado Pakistan ya Mashariki, alikuwa mwangalifu mno kuhusu tiba ya kunywa, na ni vigumu kumlaumu.

Katika maabara hiyo walifika David Nalin na Richard Cash, Wamarekani wawili ambao walikuwa hawajatimiza miaka 30. Walichokiongeza juu ya kemia kilikuwa hesabu. Mgonjwa alilazwa juu ya kitanda cha turubai chenye tundu katikati, na ndoo yenye vipimo chini yake. Kiasi kilichotoka ndicho alichonyweshwa, saa baada ya saa, usiku na mchana. Ule mtungi uliotoboka wa Latta ukapata hatimaye mtu wa kuujaza kwa kasi ile ile unayovuja. Wagonjwa waliofika wakiwa mahututi walianzishiwa dripu kwanza, kisha wakaendelea kwa kunywa. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika Lancet mwezi Agosti mwaka 1968, yalihusu wagonjwa 29 tu, lakini yalionyesha kwamba mahitaji ya dripu yanaweza kupunguzwa kwa asilimia 80. Wakati huo huo Nathaniel Pierce na wenzake mjini Calcutta walikuwa wakifikia matokeo yanayofanana.

Hata hivyo, wakubwa wa tiba waliendelea kusema kwamba njia hiyo inafaa katika hospitali ya utafiti tu, penye wataalamu na vipimo. Kilichowanyamazisha ni vita. Mwaka 1971, Bangladesh ilipokuwa ikipigania uhuru wake, watu wapatao milioni 10 walikimbilia India. Kipindupindu kikaingia katika makambi. Katika hospitali ndogo ya Bangaon, karibu na mpaka, daktari wa watoto Dilip Mahalanabis aliwakuta wagonjwa wamelala sakafuni wamebanana, hata kumtia mtu dripu ilibidi kupiga magoti katika uchafu wao. Na dripu zenyewe zilikuwa zinakwisha.

Mahalanabis aliamua jambo ambalo hakuna kitabu kilichomruhusu. Huko Calcutta watu wake walipima gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi ya kuokea, wakatia katika mifuko ya plastiki na kuifunga kwa pasi ya moto. Kambini mifuko hiyo ilimumunywa katika mapipa ya maji safi yenye bomba, na ndugu za wagonjwa wakateka kwa vikombe na kuwanywesha watu wao. Mama, kaka na jirani wakawa wauguzi. Katika muda wa wiki kadhaa walitibiwa zaidi ya watu 3,000, na kiwango cha vifo, ambacho kabla ya hapo kilikuwa kama asilimia 30, kikashuka chini ya asilimia 4. Taarifa kamili ilichapishwa mwaka 1973. Daktari Dhiman Barua wa Shirika la Afya Duniani, WHO, alikwenda kambini kuona kwa macho yake, akarudi akiwa mtetezi mkubwa wa njia hiyo.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, WHO na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto, UNICEF, walianza kusambaza pakiti zenye herufi tatu ambazo wengi wetu tunazijua: ORS. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba ugunduzi wa uhusiano wa sodiamu na glukosi huenda ukawa hatua muhimu kuliko zote za tiba katika karne hiyo. Pakiti yenyewe iliendelea kurekebishwa. Magadi yalibadilika rangi na kuganda katika joto lenye unyevu, hivyo mwaka 1984 yakabadilishwa na sitreti. Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 2002. Majaribio yalikuwa yameonyesha kwamba mmumunyo wa awali ulikuwa umekolea kupita inavyohitajika kwa watoto wengi, ambao kuhara kwao hakutokani na kipindupindu. Glukosi ikapunguzwa kutoka gramu 20 hadi 13.5 kwa lita, na chumvi kutoka gramu 3.5 hadi 2.6. Ni tofauti inayoweza kukaa kwenye ncha ya kijiko, lakini watoto waliohitaji dripu baada ya kunywa mmumunyo mpya walipungua kwa kama theluthi moja. Van 't Hoff asingeshangaa.

Mtihani mgumu ulikuwa vijijini, ambako pakiti hazifiki. Shirika la BRAC la Bangladesh, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed, lilianza mwaka 1979 kuwatuma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza mmumunyo kwa mikono yao: chumvi kiasi cha kuokotwa na vidole vitatu, konzi ya guru, na maji ya kipimo kinachojulikana. Guru hiyo ndiyo sukari guru yetu. Jina lilivuka bahari pamoja na bidhaa. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizotembelea. Wasimamizi walirudi baadaye kumpima mama, na malipo yakategemea alichokikumbuka. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefika zaidi ya kaya milioni 12. Lakini Abed hakuficha kwamba mwanzoni mama wengi walijifunza vizuri na bado hawakutumia. Shirika lilipochunguza likagundua kwamba hata baadhi ya wafanyakazi wake hawakuiamini tiba hiyo, na kwamba waume, ambao hawakushirikishwa, hawakuona vipi chumvi na guru viwe dawa.

Kutoamini huko si kwa wanakijiji peke yao, na gharama yake ilionekana karibu nasi. Mwezi Julai mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Goma, katika nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, kwa muda wa siku chache tu. Walipiga kambi juu ya miamba ya volkano isiyochimbika choo wala kaburi, na wengi wakateka maji ya Ziwa Kivu. Kabla ya mwisho wa mwezi kipindupindu kilikuwa kimethibitishwa. Watu wapatao 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara.

Kulikuwa na mashirika mengi ya misaada, madaktari na dawa. Timu ya wataalamu kutoka kituo cha utafiti cha Dhaka, ambacho ni mrithi wa maabara ya Nalin na Cash, ilifika Goma na kuchunguza kwa nini vituo vya tiba vilishindwa kuzuia vifo. Taarifa yao, iliyotoka katika Lancet mwaka 1995, haina maneno makali, lakini inauma. Wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno. Mmumunyo wa kunywa haukutumika vya kutosha. Dripu zilizotumika mara nyingi hazikuwa za aina inayofaa. Na wahudumu wengi, waliotoka nchi tajiri, hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu kikali. Kwa hiyo, miaka 23 baada ya ndugu wa wagonjwa wa Bangaon kuokoa maisha kwa vikombe, watu walikufa Goma huku tiba ikiwa inajulikana. Msikilizaji wetu aliyekuwa Goma wakati ule hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa asiye na pakiti, kipimo cha nyumbani kinachotambuliwa ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko. Chumvi isizidi. Pakiti ni bora zaidi kwa sababu ina potasiamu na sitreti, na mtoto anayehara hufaa kupewa pia zinki. Mgonjwa aliyelegea kiasi cha kushindwa kunywa apelekwe hospitali bila kungoja.

Makadirio ya watafiti yanasema mmumunyo huu umeokoa makumi ya mamilioni ya maisha. Mahalanabis alifariki mwezi Oktoba mwaka 2022, na Cash mwezi Oktoba mwaka 2024. Hakuna hata mmoja katika hadithi ya tiba hii aliyepewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Wakati huo huo kuhara bado kunaua zaidi ya watoto 400,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka, na chini ya nusu ya watoto wanaohara duniani hupewa ORS.

Mwezi Februari mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa katika majimbo ya Karnataka na Bihar nchini India, ambako waigizaji walitumwa kwa zaidi ya watoa huduma 2,000 wakijifanya wazazi wa mtoto anayehara. Watafiti walitaka kujua ni kwa nini watoa huduma wanaoijua vizuri ORS hawaiandiki. Uhaba wa pakiti ulichangia kidogo, na faida ya kuuza dawa nyingine ilichangia kidogo. Sababu kubwa kuliko zote, iliyobeba takriban asilimia 42 ya tatizo, ilikuwa kwamba watoa huduma walidhani wazazi hawaitaki. Mwigizaji aliposema tu kwamba yeye anapendelea ORS, aliandikiwa mara nyingi zaidi.